Hesabu ya Mdomo

Ng'ombe mwenye homa ya mapafu hapendi kulala chini. Husimama ametanua miguu ya mbele, shingo kainyoosha, mdomo wazi, akiitafuta pumzi ambayo haiji. Foibe Chedego aliwakuta ng'ombe wa Mzee Mazoya wamesimama hivyo zizi zima, na jua limeshapanda, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kumtazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu, karibu sana." Mzee Mazoya alitoka kwenye mlango wa zizi akijifuta mikono kwa pindo la shuka lake. "Nimewaambia hawa tangu jana, Foibe hawezi kutuacha. Mleteeni kigoda! Mleteeni uji, mtoto katoka kituoni na njaa."

Laiti angemtukana. Mtu anayekutukana unaweza kumjibu, au ukainama ukafanya kazi yako huku umenuna. Lakini Mzee Mazoya, rafiki wa baba yake tangu ujana wao, mtu aliyempa ndama jike siku alipofaulu kwenda chuo, alikuwa anapepea kigoda kwa mkono kikauke umande ili yeye akae. Foibe akasema hana njaa. Uji ukaletwa hata hivyo.

Fahali aliyekufa alikuwa amevutwa nyuma ya zizi. Foibe akavaa glovu, akampasua ubavuni. Pafu lilikuwa limenata kwenye mbavu, gumu kama ini lililochemshwa, na maji ya manjano yakamwagika mpaka kwenye buti zake. Akachukua tone la damu, akaliweka kwenye kisomeo chake, akasubiri. Kisomeo kilikuwa kinatafuta kitu kimoja tu: alama ya mbung'o.

Hakuna alama. Hata kidogo. Akampima ng'ombe mwingine aliyekuwa hai, akampima na mtamba, akampima na ndama. Hakuna.

"Mbung'o wako walinikataa," Mzee Mazoya akasema nyuma yake, akicheka kicheko cha kujilazimisha. "Labda ng'ombe zangu zinanuka vibaya kuliko za baba yako, eh?"

Foibe akacheka naye. Lo, alicheka kweli, na akajisikia vibaya kwa kile kicheko kuliko alivyojisikia kwa ule mzoga.

"Usijilaumu, mama," mzee akaongeza. "Kazi yako umeifanya."

Sasa hapa pana jambo la kueleza, na tulieleze upesi kabla fahali hajaoza. Homa ya mapafu ilipogeuka ikawa haisikii sindano tena, wataalamu walikwenda kumwomba msaada adui wa zamani, yule yule mbung'o aliyewamalizia babu zetu ng'ombe. Wakamfuga vituoni, kwenye vyumba vya joto, wakamfanya tasa ili asizaane porini, na kwenye mate yake wakatia chanjo. Akifunguliwa, anafuata harufu ya ng'ombe mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Ng'ombe aking'atwa naye mara nyingi katika msimu mmoja, amepona hata kabla ya kuugua. Aking'atwa mara chache, hapo ndipo penye balaa: ugonjwa haumwangushi, bali unajichimbia ndani ya pafu na kukaa. Ng'ombe ananenepa, manyoya yanang'aa, na kila anapopumua anawapumulia wenzake kifo.

Kwa hiyo lazima mbung'o walingane na ng'ombe. Na mbung'o wana tabia ya wageni wenye njaa: wanaanzia mlango wa kwanza, na wakishashiba hapo hawaendi mbele. Zizi lililo karibu na kituo likiwa na ng'ombe wengi kuliko walioandikwa, zizi la mwisho halipati kitu.

Utasema, si wangehesabu tu? Macho ya angani yanahesabu mpaka kuku. Ah wapi! Wafugaji waligoma, wakaenda mahakamani, wakashinda. Sheria ikatoka kwamba ng'ombe wa mtu hahesabiwi na yeyote ila kwa kinywa cha mwenye zizi, mbele ya majirani zake. Ikaitwa Hesabu ya Mdomo, na siku ilipopita watu walicheza ngoma mpaka vumbi likafunika jua. Walisahau kitu kimoja tu. Katika nchi ile, mtu anayekutajia idadi ya kweli ya ng'ombe zake, ama amelewa, ama anaumwa kichwa. Ng'ombe akihesabiwa kwa sauti anakufa, ndivyo walivyolelewa.

Simu ya Foibe ikalia akiwa bado anavua glovu. Alikuwa Daktari Rwegoshora, mkubwa wake wa Kanda.

"Nakuja kesho asubuhi na mbung'o wa akiba," akasema. "Ndio wa mwisho msimu huu, hakuna wengine. Nikiwafungua kwa hesabu ya uongo tena, kata nzima imekwisha. Nataka vitu viwili, Foibe: zizi ugonjwa ulikotokea, na hesabu ya kweli. Hilo zizi litachinjwa lote, sheria unaijua."

"Naijua, Daktari."

"Una wazo ni zizi gani?"

Foibe akamtazama Mzee Mazoya, ambaye alikuwa ameinama akimnywesha maji mtamba kwa kiganja chake.

"Bado natafuta," akajibu.

*

Hakuwa anatafuta. Alikuwa anajua, na alikuwa anajua tangu siku ya kiapo.

Kiapo hufanyika joshoni, lile josho la zamani la saruji ambalo halijatiwa dawa tangu kupe walipopatiwa dawa yao. Mwenye zizi husimama juu ya ukuta, huinua fimbo, hutaja. Majirani huitikia. Mlezi wa kituo, yaani Foibe, huingiza idadi kwenye mtambo unaopanga mbung'o wangapi wafunguliwe, na mtambo humuuliza swali moja: mlezi anathibitisha?

Mzee Chedego, baba yake, mwenye zizi la kwanza kutoka kituoni, alipanda ukutani siku ile akiwa amevaa koti lake la kanisani. "Mimi ni maskini," alianza, na watu wakacheka kwa sababu kila tajiri huanza hivyo. "Nina vijing'ombe vya kunywea maziwa. Arobaini."

"Arobaini," majirani wakaitikia, na macho yao hayakupepesa.

Na Foibe? Foibe alichunga ng'ombe wale tangu hajajua kufunga viatu. Aliwajua kwa rangi, kwa pembe, kwa ukoo. Alijua kwamba jioni wakirudi, wa kwanza huwa wameshaingia zizini na wa mwisho bado wako kwenye korongo. Arobaini! Wamepita mia wale, na kupita.

Mtambo ukamuuliza. Kidole chake kikasita. Mtoto anaanzaje kumwambia baba yake mbele ya kadamnasi, mbele ya wakwe, mbele ya katekista, "Baba, unasema uongo"? Neno hilo lina mdomo gani wa kutokea? Akajipa moyo kwamba kila mtu anapunguza, na wataalamu walioutengeneza mtambo bila shaka waliweka ziada kidogo kwa ajili ya waongo. Hakumuuliza mtu kama waliweka. Aliogopa kujibiwa.

Akabonyeza ndiyo. Baba yake akashuka ukutani, akapita karibu naye, akamgusa bega. Na yeye, mtaalamu mzima, alifurahi kuguswa bega.

*

Alifika kwa baba yake alasiri. Mzee Chedego alikuwa amekaa kwenye gogo nje ya zizi akichonga mpini, na alipomwona binti yake uso ukamchanua.

"Mama! Njoo uone Kijivu alivyonenepa. Njoo uone mbung'o zako zilivyofanya kazi. Watu wanalia huko, mimi hata kikohozi sijasikia."

 Foibe akatoa kipima-pumzi mkobani, kile kidude kama mfuko kinachovikwa ng'ombe puani, akamvika Kijivu, dume la maksai ambalo baba yake alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Kijivu akapumua. Taa ikawaka nyekundu. Akamvika wa pili. Nyekundu. Wa tatu, wa nne, na jike lenye mimba. Nyekundu zote.

"Hiyo nyekundu maana yake nini?" baba yake akauliza. Alikuwa bado anatabasamu, lakini kisu kilikuwa kimesimama.

"Maana yake ni kwamba ugonjwa wa Mzee Mazoya umetoka hapa."

"Ng'ombe zangu nzima!"

"Zimepata chanjo nusu, baba. Mbung'o walikuwa wa ng'ombe arobaini. Wakaja hapa, wakala mpaka wakashiba, hawakufika kwa Mzee Mazoya. Zako hazifi, zinaua. Zinakunywa na zake lambo moja, zinazipumulia."

Mzee Chedego akaweka mpini chini. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Ningesemaje, Foibe? Nusu ya hizi si zangu. Mtu ananiletea ng'ombe zake, ananiambia nitunzie, zisiwe zote mahali pamoja njaa ikija, ugonjwa ukija. Nipande ukutani nizitaje? Niseme za fulani ni hizi, za fulani ni hizi, wakati yeye mwenyewe hajazitaja? Hiyo ni siri ya mtu. Nimeaminiwa." Akavuta pumzi. "Unajua nyingi ni za nani?"

"Za nani?"

"Za Mazoya."

Foibe akakaa chini pale pale, kwenye samadi kavu, na mkoba wake mapajani. Ng'ombe wa Mzee Mazoya waliofichwa hapa walikuwa wamekula chanjo ya ng'ombe wa Mzee Mazoya walioonekana kule. Wazee wawili walikuwa wamefanya kile ambacho baba zao walikifanya ili kuziokoa mali zao, na walikifanya kwa uaminifu kabisa.

"Kesho Daktari anakuja," akasema. "Zizi chanzo linachinjwa lote. Nisipolitaja, mbung'o wa akiba watakuja hapa tena, watashiba hapa tena, na hakuna atakayebaki na ng'ombe."

"Basi litaje."

"Baba..."

"Litaje, si ndiyo kazi yako?" Mzee akanyanyuka kwa hasira, akaokota fimbo, akaitupa. "Ulisimama pale joshoni na kile chombo chako! Ng'ombe hizi ulizichunga wewe! Kama arobaini ilikuwa mbaya hivyo, mbona hukusema?"

Alikuwa na haki. Ndilo lililomuuma Foibe, kwamba mzee alikuwa na haki na hakuwa anajitetea tu. Alitaka kumwambia kwamba alinyamaza kwa heshima. Lakini heshima gani hiyo? Alinyamaza kwa sababu aliona haya, na haya zake zilikuwa na bei, na bei ililipwa na mtu aliyempepea kigoda.

"Niliogopa kukuaibisha," akasema.

Hasira ikamwisha baba yake ghafla. Akaenda kuiokota fimbo yake mwenyewe.

"Nenda nyumbani, mama. Usitaje kitu. Kesho nitawaleta mimi."

*

Na kweli aliwaleta. Asubuhi watu walikuwa wameshajaa joshoni, Daktari Rwegoshora kasimama kando ya gari lake lenye makreti ya mbung'o wanaovuma, wakati vumbi lilipoonekana upande wa magharibi. Likakaribia. Ng'ombe wa kwanza wakatokea, na waliowafuata, na wengine, na wengine, na watu wakaanza kunong'ona. Mpaka wa mwisho anafika, hakuna aliyekuwa ananong'ona tena.

"Mbukwenyi," Mzee Chedego akawasalimu. Hakuvaa koti la kanisani. Alikuwa na shuka lake la kuchungia.

"Mbukwenyi," wakaitikia.

"Ugonjwa umetoka kwangu. Daktari anataka hesabu. Nitahesabu."

Josho lina ujia mwembamba, ng'ombe hupita mmoja mmoja. Mzee akasimama pale, akamgusa wa kwanza mgongoni kwa fimbo. Midomo ikatetemeka, sauti haikutoka. Bibi mmoja akajiziba uso kwa kanga, maana kumtazama mtu mzima akifanya jambo lile ilikuwa kama kumtazama akioga.

"Moja," mzee akasema.

Na akaendelea. Sauti ilikwaruza mwanzoni, ikazoea, ikafika mahali ikawa inatoka yenyewe. Alipofika arobaini alisita, akaendelea. Kijivu alipita kwenye sitini na kitu, na mzee hakumgusa kwa fimbo. Alimgusa kwa mkono. Ndama wa mwisho alipopita na kuingia zizi la upande wa pili, zizi ambalo hakuna aliyetoka akaenda malishoni tena, Mzee Chedego akasema: "Mia na kumi na saba. Zote zangu."

"Si zote zako!" Mzee Mazoya akapiga kelele kutoka nyuma. Akajipenyeza kwa mabega mpaka mbele, machozi yanamtoka waziwazi. "Chedego, usinibebee. Daktari, zangu zimo humo. Sikuzitaja kule wala hapa. Nimeziua za kule kwa mkono wangu mwenyewe."

Basi ikawa kama mtu amelitoboa lambo. Mmoja akasema zake zimo kwa fulani. Mwingine akasema alitaja ishirini, wako hamsini na wawili. Katekista, naam, katekista mwenyewe, akakiri huku anatazama viatu vyake. Walikuja mbele mmoja mmoja, wakahesabu upya, na Daktari Rwegoshora alikuwa anaingiza idadi bila kuinua macho. Mbung'o wa akiba wangetosha. Zizi la Chedego likishaondolewa, wangetosha barabara.

Foibe aliona kwamba kata imepona, na hakuweza kufurahi.

"Limebaki swali moja," Daktari akasema. "Kwa ajili ya taarifa ya Kanda. Mlezi aliyethibitisha viapo vya kwanza, alijua kuwa ni vya uongo? Mlezi anayejua akathibitisha, hafugi mbung'o tena maisha yake yote. Lazima niulize."

Mzee Chedego hakumpa binti yake nafasi ya kuvuta pumzi.

"Hakujua," akasema. "Mtoto huyu tulimpeleka shule ya bweni angali mdogo. Ng'ombe zangu hazijui, hajawahi kuzichunga hata siku moja. Nilimdanganya kama nilivyowadanganya ninyi."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Waliomwona akichunga wakatikisa vichwa. Mzee Mazoya, aliyempa ndama, akatikisa kichwa kwa nguvu kuliko wote. Hivi hivi ndivyo walivyoitikia arobaini.

"Vizuri," Daktari akasema. "Basi kosa ni la wafugaji peke yao. Nitaandika kwamba Hesabu ya Mdomo imeshindwa. Bora macho ya angani yarudi, tusidanganyane."

Baba yake akamtazama. Nyamaza, macho yale yalisema, nyamaza mama, yaishe. Mzee alikuwa amejivua kila kitu mbele ya watu asubuhi ile, na kitambaa kimoja kilichobaki alikuwa anamfunika nacho yeye. Na Foibe alikuwa na sababu nyingi nzuri za kufunikwa. Mbung'o wanataka mlezi. Kituo kingebaki na nani? Alizisikia sababu zile zikija kichwani, zimevaa vizuri, na akazitambua. Zilikuwa ndizo zile zile zilizombonyezea kidole.

"Nilijua," akasema.

Daktari akainua macho. "Umesema?"

"Nilijua. Nimewachunga wale tangu utoto. Alipotaja arobaini nilijua wamepita mia, nikathibitisha. Mtambo uliniuliza na mimi nikajibu ndiyo. Kosa la kwanza lilikuwa langu, si la sheria."

"Baba yako amesema hujawahi kuwachunga." Daktari hakuwa mtu mbaya, alikuwa anampa njia. "Sasa niandike lipi? Mzee huyu amesema kweli au amesema uongo?"

 Foibe alitaka kusema amekosea, amesahau, ni mzee. Kiswahili kina maneno mengi ya kumfunika mtu. Lakini Daktari alikuwa anangoja moja.

"Baba yangu amesema uongo," akasema.

 Mzee Chedego alivuta shuka lake akajifunika kichwa kama mfiwa, akageuka, akafungua lango la zizi la upande wa pili na kuingia kwa ng'ombe wake. Akasimama katikati yao akiwa amempa binti yake mgongo, mkono wake juu ya nundu ya Kijivu. Foibe alimwita mara moja. Ng'ombe ndio waliogeuza vichwa.